Kikundi chetu cha mjadala kimebaki na watu sita: tukivunje?

Swali: Mimi ni mratibu wa klabu ya mazingira chuoni kwetu. Siku ya kupanda miti tunajaa hadi fulana zinatuishia, lakini kikundi chetu cha mjadala cha kila wiki kimebaki na watu sita, wale wale, na wote wanasoma biolojia. Tunazungumzia tabianchi, misitu, plastiki. Kila mtu anakubaliana na mwenzake, kisha tunaagana. Wenzangu kwenye uongozi wanataka tukivunje tubaki na matukio tu. Tena tunapanga jambo kubwa la Juni 5, ila siku hiyo iko katikati ya mitihani. Unatushauri nini?

Jibu: Msikivunje, ndugu yangu. Watu sita wanaorudi kila wiki bila kulazimishwa na bila fulana ni hazina ambayo klabu nyingi hazina. Ningekuwa katika nafasi yenu ningepunguza matukio kwanza kabla ya kukigusa kikundi hicho. Hata hivyo namna mnavyokiendesha ndiyo inayowafukuza wengine, na sababu umeshaitaja mwenyewe: kila mtu anakubaliana na mwenzake.

Mwanafunzi aliyekuwa darasani tangu asubuhi hana haja ya kuja jioni kuambiwa kwamba misitu inakatwa. Analijua hilo. "Ukataji wa misitu" ni mada, na mada haina pa kushikia. Kinachovuta watu ni swali ambalo watu wawili wenye akili timamu na nia njema wanaweza kulijibu tofauti, na ambalo kuna mtu mahali fulani atalazimika kuliamua, apende asipende.

Chukua mfano wa bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe hai. Desemba 2022, katika mkutano uliofanyika Montreal, nchi zilikubaliana kuhifadhi walau asilimia 30 ya nchi kavu na asilimia 30 ya bahari ifikapo mwaka 2030. Ukiweka tangazo la "mjadala kuhusu bayoanuwai" watakuja wale wale sita. Sasa uliza hivi: eneo ambalo watu wanaishi, wanalima na kuchunga kwa kanuni zao wenyewe, lihesabiwe ndani ya asilimia 30, au zihesabiwe hifadhi zilizotangazwa na serikali peke yake? Hapo mwanafunzi wa sheria ana la kusema, wa uchumi ana lake, na yule ambaye wazazi wake wanaishi mpakani mwa hifadhi ana lake zito kuliko wote. Hivyo ndivyo mtakavyowapata watu wa vitivo vingine, wasiosoma biolojia. Hawaji kwa kualikwa kwa upole. Wanakuja wakiona kwamba bila wao swali halijibiki.

Kwa kikao cha kwanza cha muhula napendekeza jozi moja ya maandishi ambayo haijawahi kuniangusha. Mwaka 1968 mwanabiolojia Garrett Hardin aliandika katika jarida la Science kwamba malisho yaliyo wazi kwa wote hayana budi kuharibika. Kila mfugaji ataongeza mnyama mmoja, maana faida ya mnyama huyo ni yake peke yake na hasara ya majani inagawanywa kwa wote. Kwa miaka mingi hoja hiyo ilisomwa kama uthibitisho kwamba mali ya pamoja lazima ishikwe na serikali au igawiwe watu binafsi. Elinor Ostrom wa Chuo Kikuu cha Indiana akaenda kutazama watu wanavyofanya kweli. Akakuta malisho ya mlimani katika kijiji cha Törbel, Uswisi, mifereji ya umwagiliaji ya Valencia, Hispania, na misitu ya vijiji vya Japani, ambako watu walikuwa wametunza mali ya pamoja kwa karne kadhaa kwa kanuni walizojiwekea, kwa ulinzi wanaousimamia wenyewe, na kwa adhabu zinazoanza ndogo na kuongezeka kwa anayerudia kosa. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hardin naye baadaye alikiri kwamba alichokieleza ni mali ya pamoja isiyo na usimamizi.

Gawa kikundi sehemu mbili. Nusu wapewe kurasa tatu za Hardin, nusu kurasa tatu za Ostrom, na kila upande utetee ulichopewa kama vile umekiandika wenyewe. Baada ya dakika 20 mbadilishane. Mtu aliyetetea pande zote mbili hawezi tena kusema kivivu, "tatizo ni watu hawajaelimishwa." Na ukihitaji hoja ya kuwapelekea wenzako kwenye uongozi, ni hii: mwaka 1973 Ostrom na mumewe Vincent walianzisha pale Indiana warsha ambamo wanafunzi, wageni na maprofesa walikutana kujadili kazi zilizokuwa bado mezani. Mawazo yaliyokuja kutunukiwa Nobel yalipikwa miaka mingi kwenye vikao vya namna hiyo, na wanafunzi walikuwemo.

Nikupe sasa kikao kizima jinsi kinavyokwenda, kwa sababu ushauri wa jumla hausaidii mtu aliyesimama mbele ya viti vitupu. Nimekiongoza mara nyingi, na hakihitaji mtu awe amesoma chochote kabla.

Unaanza na maelezo mafupi. Katika miaka ya 1990 tumbusi wa Asia ya Kusini walianza kufa kwa wingi wa kutisha. Spishi tatu zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95 ndani ya muda mfupi, ndege ambao zamani walijazana kwenye kila mzoga. Kila mtu anapewa kipande cha karatasi na dakika tatu za kuandika anachoshuku, bila kuzungumza. Utapata ugonjwa, sumu, kukosa chakula, kukosa miti ya viota. Unasoma karatasi zote kwa sauti bila kutaja aliyeandika. Kisha unatoa kidokezo cha pili: ndege waliopasuliwa walikutwa na utando mweupe kama chokaa juu ya maini na moyo. Huo ni asidi ya uriki, dalili kwamba figo zimeshindwa kazi. Wanaandika tena. Wale wa udaktari wa mifugo wanaanza kujongeza viti mbele.

Kidokezo cha tatu ni jibu lenyewe, lililochapishwa mwaka 2004: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Mnyama akifa muda mfupi baada ya kupewa dawa, tumbusi wanaokula mzoga wake wanaharibika figo. Wengi wakifika hapo wanadhani kikao kimekwisha. Ndipo unapouliza: mizoga mingapi katika kila 100 ilihitaji kuwa na dawa hiyo ili tumbusi waishe kwa kasi ile? Waache wataje namba kwa sauti. Wanasema 20, wanasema 40, mmoja atasema 70. Makadirio ya watafiti yalikuwa chini ya mzoga mmoja katika kila 100. Wachambue sababu wenyewe, na wataipata: mzoga mmoja unalisha tumbusi wengi kwa mkupuo, kila tumbusi anakula mizoga mingi kwa mwaka, na jozi moja hulea kifaranga kimoja tu kwa msimu, kwa hiyo vifo vichache vya ndege wakubwa havizibiki.

Swali la mwisho ndilo lililokuwa shabaha yako tangu mwanzo. Dawa hiyo ilikuwa ya bei nafuu na ilimpunguzia mnyama maumivu. Mfugaji asiye na uwezo aliitegemea. India, Pakistani na Nepali zilipiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006, wakati ambapo dawa nyingine, meloksikamu, ilikuwa imeonekana kuwa salama kwa tumbusi. Je, ilikuwa sahihi kusubiri mbadala upatikane, au marufuku ingekuja siku ile ile chanzo kilipojulikana? Hapo utalazimika kuwakumbusha watu kwamba ukumbi unafungwa.

Ukikitazama vizuri kikao hicho utaona kanuni zake. Watu wanaandika kabla ya kusema, kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye aibu ana nafasi sawa na mzungumzaji hodari. Habari inatolewa kidogo kidogo, si kwa slaidi 40. Anayejua zaidi anasema mwisho. Hii ya mwisho ni ngumu sana kwa wahadhiri, na kama mlezi wa klabu yenu ana tabia ya kuanza na hotuba, mwombeni kwa heshima ashike kazi ya kufunga. Mwenyekiti naye kazi yake ni kuuliza, "nini kingekufanya ubadili mawazo?" na kunyamaza.

Sasa matukio. Mmeyatenga na mjadala kana kwamba ni vitu viwili, na hapo ndipo nguvu zenu zinapomwagika. Tukio zuri huzaliwa kwenye swali ambalo kikundi kimeshindwa kulijibu kikiwa kimekaa.

Mfano ninaoupenda ni wa ndege wanaogonga vioo, kwa sababu unafanyika kwenye chuo chochote chenye madirisha. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 yanasema vioo vya majengo nchini Marekani peke yake vinaua ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 kila mwaka, na maghorofa marefu yanachangia chini ya asilimia 1. Karibu vifo vyote vinatokea kwenye nyumba za kuishi na majengo mafupi, yaani ya aina ile ile ya maktaba na mabweni. Kikundi kikisoma hayo, swali linakuja lenyewe: na hapa kwetu?

Chagueni majengo manne au matano. Kwa wiki nne mfululizo, watu wawili wayazunguke kila siku saa ile ile, alfajiri, kabla ya wafanyakazi wa usafi kufagia. Zungumzeni na wafanyakazi hao kabla ya jambo lolote. Wao ndio wanaookota ndege hao kila asubuhi, na watawaambia ukuta gani ni mbaya kabla hamjaanza kuhesabu. Andikeni tarehe, jengo, upande wa jengo, aina ya ndege mkiijua, na mpige picha. Msimshike ndege kwa mikono mitupu, na mjue kwamba baadhi ya nchi zinahitaji kibali hata cha kuokota ndege aliyekufa, kwa hiyo picha inatosha. Siku mliyozunguka bila kukuta kitu, andikeni sifuri. Nasisitiza sifuri kwa sababu bila hiyo namba zenu hazina maana: mtu wa ofisi ya majengo atauliza mlizunguka mara ngapi, na mkikosa jibu, mazungumzo yameisha.

Mkishapata ukuta mmoja unaoua kuliko mingine, hapo mna jambo la kuomba, tena dogo. Stika moja ya kivuli cha mwewe katikati ya dirisha kubwa haisaidii, maana ndege anaikwepa na kugonga sehemu iliyobaki wazi. Kinachosaidia ni alama zilizosambaa kioo kizima kwa upande wa nje, zikiachana kwa sentimita zisizozidi tano. Ofisi ikikubali ukuta huo mmoja, siku ya kubandika alama ndiyo tukio lenu, na pembeni mnaweka ubao wenye hesabu yenu ya wiki nne. Aliyekuja kushika ngazi na kubandika vidoti ataondoka na swali kichwani. Mwalike kwenye kikao kinachofuata, ambacho kitauliza mhesabu vipi ili mjue kama alama zimefanya kazi. Hilo si swali jepesi hata kidogo: misimu ya ndege wahamao hubadilika, na ukuta ulioua wengi mwezi huu ungeweza kuua wachache mwezi ujao hata bila kubandikwa kitu.

Na hiyo siku yenu ya miti: kabla ya kupanda mingine, nendeni mkahesabu ya mwaka jana ingapi iko hai. Hesabu hiyo peke yake ni ajenda ya vikao viwili. Ulizeni pia eneo hilo lilikuwa nini kabla. Mbuga ya nyasi ya asili ina mimea na wadudu wake, na kuijaza miti ni kuiharibu kwa nia njema.

Kuhusu Juni 5. Siku ya Mazingira Duniani iliwekwa tarehe hiyo kwa kumbukumbu ya kufunguliwa kwa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira, Stockholm, mwaka 1972. Ni siku muhimu, lakini haiwalazimishi kitu. Waliofanikiwa zaidi kuitumia tarehe walifanya kinyume chenu. Seneta Gaylord Nelson wa Marekani alipotaka kuwa na siku ya taifa ya kujifunza mazingira vyuoni, muundo aliuazima kwa wahadhiri na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, ambao mwaka 1965 walikesha wakijadili vita vya Vietnam. Mratibu wake, Denis Hayes, alikuwa mwanafunzi wa miaka 25. Tarehe waliyoichagua kwa Siku ya Dunia hiyo ya kwanza, Aprili 22, 1970, iliangukia baada ya likizo ya majira ya kuchipua na kabla ya mitihani, kwa makusudi kabisa. Inakadiriwa watu milioni 20 walishiriki. Kwa hiyo anzeni na kalenda ya chuo, kisha mtafute maana ya siku. Mkitaka sana siku ya kimataifa, Februari 2 ni ya ardhioevu, kwa kumbukumbu ya mkataba wa kuhifadhi ardhioevu uliotiwa saini Ramsar, Iran, mwaka 1971, na Mei 22 ni ya bayoanuwai. Nadhani mojawapo itawafaa zaidi.

Kama mnataka tukio la kukusanya watu wengi, basi liwe la kuhesabu viumbe hai vyote vya chuoni kwa saa 24. La kwanza la aina hiyo lilifanyika Washington mwaka 1996 kwenye bustani moja ya mji, na zilipatikana spishi karibu 1,000. Siku hizi kazi ni rahisi: programu ya iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ya shahada ya uzamili pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, inapokea picha kutoka kwa yeyote mwenye simu, na watu wengine wanasaidia kuthibitisha jina la kiumbe. Tayarisheni watu wachache wanaojua mimea, wadudu na ndege, kila mmoja awe na meza yake, na muweke zamu ya usiku yenye taa na shuka jeupe kwa ajili ya nondo, wale wadudu wa usiku wanaofanana na vipepeo. Zamu ya usiku ndiyo inayowapata wanafunzi wa uhandisi na fasihi, sijui kwa nini, lakini nimeiona ikitokea tena na tena.

Wageni msiwaalike kwa vyeo. Mtunza bustani wa chuo anajua dawa gani inapuliziwa wapi. Askari wa wanyamapori, mfugaji aliyepoteza mbuzi kwa chui, mtu wa idara ya maji: hawa wanaleta uamuzi waliowahi kuufanya, na uamuzi unajadilika kuliko hotuba. Ofisa wa serikali au wa kampuni akisita kuzungumza kwa uwazi, mwahidini kanuni ya Chatham House, taasisi ya London ya mambo ya kimataifa, inayotumika tangu 1927: mnaruhusiwa kutumia mlichosikia, hamruhusiwi kutaja nani alisema. Lazima muitimize, hata kwenye picha na makundi ya simu. Ikivunjwa mara moja tu, hamtapata mgeni wa maana tena. Kampuni ikijitolea kulipia tukio, ipokeeni kwa sharti moja lililoandikwa, kwamba haitachagua swali wala wazungumzaji.

Waombe wenzako wawape muhula mmoja. Kutaneni kila baada ya wiki mbili badala ya kila wiki, kwa dakika 75, mahali pale pale, saa ile ile. Kila kikao kiache ukurasa mmoja wenye swali, hoja mbili zilizokuwa na nguvu, na jambo ambalo hakuna aliyelijua. Kurasa hizo ziwekwe kwenye faili moja lisilo la mtu binafsi, maana nyote sita mtahitimu, na klabu nyingi huanza upya kila miaka mitatu kwa sababu kumbukumbu ziliondoka na simu ya mratibu.

Hao sita, wakishakuwa na hesabu ya ndege ya wiki nne, wana kitu cha kuwasilisha nje ya chuo. Kuna kongamano la wanafunzi la sayansi ya uhifadhi lililoanza Cambridge mwaka 2000 na baadaye likapata ndugu zake Bengaluru na New York. Wanaowasilisha humo ni wanafunzi, na maprofesa wanakaa kusikiliza na kuuliza. Angalieni tarehe ya mwisho ya kutuma muhtasari kabla hamjapanga ratiba ya kuzunguka majengo, kwa sababu maombi hufungwa miezi kadhaa kabla ya kongamano lenyewe.